Jina Nililompa Maige

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyowachekesha watu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kiangazi, mpunga umeshavunwa na mashambani yamebaki mabua matupu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi baiskeli, na kibanda changu kilikuwa njia panda, pale ambapo kila anayekwenda kisimani, zahanati au kanisani lazima apite. Wakati ule huku kwetu Mpimbwe karibu kila kitu kilibebwa kwa baiskeli, kuanzia magunia ya mpunga hadi wagonjwa, kwa hiyo kibandani kwangu vijana hawakukosekana. Wachache walikuja kuziba pancha. Wengi walikuja kukaa tu, kunisikiliza. Mikono yangu ilikuwa mizuri kwa kazi, lakini watu walifuata mdomo.

Asubuhi ile akapita rafiki yangu Maige.

Nikueleze kwanza Maige alikuwa nani. Wazazi wake walikuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wao yeye akiwa mtoto wa kutambaa, wakajenga pembezoni mwa kijiji, kule nyasi zinakoanzia. Mimi na yeye tulikua pamoja. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache, na ng'ombe dume aliyewashinda watu wote angetulia akiwekewa mkono wake shingoni. Tulizoea kutaniana tangu utotoni. Yeye husema sisi Wapimbwe tukimwona ndama tunapanda mti. Mimi humjibu kwamba wao Wasukuma asubuhi huwaamkia ng'ombe kwanza, ndipo wakumbuke kuwa wana wake zao ndani. Tukicheka, tumemaliza. Hakuna aliyewahi kuumia.

Mwaka ule Maige alikuwa amefiwa na mkewe, Kabula. Aliugua siku chache tu, tukamzika, akaacha mtoto mmoja wa kike ambaye hajafikisha miaka miwili, jina lake Limi. Ndugu wa kule Shinyanga walituma habari kwamba mtoto apelekwe kwao, maana mwanamume peke yake atamleaje. Maige alikataa. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu mara moja tu, wala hatukurudia mazungumzo hayo tena: "Nikimpeleka, mimi nitabaki na nini?"

Basi akawa anamlea. Mvua zilipokuwepo, maziwa yalikuwepo, na mtoto alikula ugali kwa maziwa akanawiri. Kiangazi kilipokaza, kaka zake Maige wakaswaga kundi lote kwenda mbali kutafuta malisho, yeye wakamwachia ng'ombe wanne wa kulimia. Maziwa yakaondoka pamoja na kundi. Kikabaki chungu cha ugali na mchuzi wa maharage, asubuhi na jioni, na siku nyingine ugali wenye chumvi. Siku ya kupima watoto nesi wa zahanati alitazama kadi ya Limi, akamtazama Limi mwenyewe, akamwambia Maige kwamba mtoto anashuka uzito na ataendelea kushuka. Akamwelekeza aende bustani ya kina mama kila Jumamosi.

Bustani hiyo aliianzisha shangazi yangu Modesta, dada mkubwa wa baba, pamoja na kina mama wenzake. Kiangazi hapa kwetu kijijini mboga mbichi ilikuwa ikipotea kabisa, na ile iliyoletwa na magari ilifika imenyauka. Wao wakachagua mahali kando ya kijito ambapo maji hayakauki, wakazungushia uzio wa miiba kwa sababu ya mbuzi na viboko, wakapanda mchicha, maboga, kunde, nyanya, hata karoti ambazo wengi wetu hatukuwa tunazijua. Aliyekuja kumwagilia aliondoka na mboga. Na kabla ya kuondoka, waliwasha moto chini ya kibanda cha nyasi wakapika pamoja, wakifundishana namna ya kumtengenezea mtoto mdogo chakula: uji wa unga usiokobolewa wenye karanga zilizosagwa laini, dagaa waliotwangwa, majani ya maboga yaliyopondwa. Vitu vyote vilikuwa vya hapahapa. Kilichokuwa kimekosekana ni kujua kuvipanga pamoja.

Ndiko alikokuwa anakwenda Maige asubuhi ile. Alikuwa amembeba Limi mgongoni kwa kitenge cha marehemu. Nilikitambua kitenge kile, maana Kabula alikuwa akikivaa kanisani. Mkono mmoja alishika sufuria, na begani alikuwa na kuni, kwa kuwa kila anayekwenda alitakiwa kuchangia kuni. Alikuwa anatembea taratibu kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja, anaangalia mbele tu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumpokea zile kuni nikamsindikiza, ni mwendo wa dakika kumi. Lakini kibandani kulikuwa na vijana saba au wanane, wote wananitazama wanasubiri nitasema nini. Nikasimama, nikavua kofia, nikainama kama mtu anayemwamkia mama mkwe, nikasema kwa sauti ya adabu kabisa:

"Shikamoo, Mama Limi."

Watu walianguka, mwanangu. Mmoja alishikilia gurudumu ili asidondoke. Maige naye akatabasamu, kwa sababu aliujua utani, akajibu, "Marahaba," akapita. Nikarudi kukaa nikijiona mfalme.

Jina lile lilienea kabla ya jua kuzama. Watoto waliotoka mafundisho ya dini wakalichukua, wakalifanyia wimbo. Pale mashineni, wanaume waliokuja kusaga wakawa wanamuuliza "Mama Limi, leo tunapikiwa nini?" Jumamosi ya pili Maige hakupitia njia panda. Alizunguka nyuma, kwenye mashamba. Watoto walimwona, wakamfuata hadi kijitoni wakiimba. Jumamosi ya tatu sikumwona, ya nne pia sikumwona. Nilidhani ana shughuli na ng'ombe. Nitakuambia na jambo ninaloona aibu kulisema: nilikuwa ninajivunia kwamba jina nililolitoa mimi limeshika namna ile.

Baada ya hapo nilihitaji mkokoteni wa ng'ombe kuhamishia tofali. Nikaenda kwa Maige kuuazima.

Nilifika saa za mchana. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini niliona moshi ukitoka juu ya paa. Nikabisha. Maige alichelewa kufungua, na alipofungua nikaelewa. Alikuwa anapika. Alikuwa amehamishia jiko ndani, kwenye chumba cha kulala, kisicho na dirisha, akajifungia na moshi wote ule ili mtu asimwone akisonga ugali. Macho yake yalikuwa mekundu.

Limi alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango. Nilimchezea kama nilivyozoea, nikampulizia mashavu. Hakucheka. Hakulia pia. Alinitazama kama mtu mzima aliyechoka anavyokutazama ukimsumbua. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyepesi, za rangi ya nyasi kavu, na miguu yake ilikuwa imejaa, inang'aa. Kwa ujinga wangu nilianza kusema, "Mbona amenenepa miguu," kisha nikayaona mabega yake, yalivyochongoka.

"Bustanini umeacha kwenda?" nilimuuliza.

"Nilikwenda mara mbili."

"Kwa nini umeacha?"

Maige alikaa kizingitini. "Huwa ninatoka, Gaspa," akasema. "Kila Jumamosi ninajiandaa, ninafunga kuni. Nikifika kwenye mti wa kwanza ninasikia wale watoto. Ninarudi."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu.

Nilikimbia hadi kwa shangazi Modesta. Alikuja bila kubadilisha nguo zake za shamba. Alimpakata Limi, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki pale kama umebonyeza unga uliokandwa. Akamfunga mgongoni, tukaenda zahanati. Nesi hakutukawiza. Alisema mtoto aende hospitali Mpanda leo hiihii, akaandika barua.

Kulikuwa na lori la mpunga linaloondoka. Shangazi akapanda mbele na mtoto, Maige akapanda juu ya magunia. Mimi nikasimama chini kuwaaga. Shangazi akachungulia dirishani.

"Unasubiri nini? Panda."

"Mimi, shangazi? Nikafanye nini?"

"Ukapike," alisema. "Kule ndugu wa mgonjwa ndio wanaopika. Mimi nitakuwa wodini, na baba wa mtoto hana nguvu ya kusimama. Panda."

Nikapanda. Tulipita katikati ya mbuga, tukavuka daraja la mto pale Sitalike. Nilikuwa sijawahi kuvuka daraja lile bila kutazama viboko, siku hiyo sikugeuza shingo. Maige alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Tulipokaribia Mpanda ndipo aliposema, na hakuwa anasema na mimi hasa: "Akifa nitawaambia nini kule Shinyanga? Kwamba niliona aibu kuchuma mboga?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi. Nimezika wazazi wote wawili. Lakini sijawahi kusikia maneno yaliyoniingia kama yale.

Wodini walimpokea Limi, wakaanza kumpa maziwa ya dawa kwa kikombe kidogo, kila baada ya muda, mchana na usiku. Walisema tusimpe kitu kingine mpaka watakapotuambia. Wanaume hatukuruhusiwa kulala mle, kwa hiyo shangazi alikaa naye, na sisi tulipata hifadhi kwa ndugu yetu mmoja mtaa wa Makanyagio. Kila alfajiri tulirudi hospitali. Nyuma ya majengo kulikuwa na banda la kupikia, mafiga mengi, kina mama wengi, moshi mwingi. Wanaume tulikuwa sisi wawili tu.

Siku ya kwanza nilipika ugali wa mabonge. Mchicha niliuchemsha mpaka ukawa maji ya kijani. Shangazi aliula wote. Siku ya pili mama mmoja mtu mzima kutoka Katumba, mwenye lafudhi ya Kirundi, ambaye mjukuu wake alilazwa kitanda cha jirani na Limi, alinisogelea akauchukua mwiko mkononi mwangu. "Maji hayajachemka unaweka unga," alisema. "Una haraka ya kwenda wapi?" Akanionyesha. Akanifundisha kukata mboga baada ya kuziosha, si kabla, na kuziweka motoni muda mfupi tu, na kusaga karanga hata ziwe laini kama mafuta. Nilisubiri aniulize kwa nini wanaume wawili wanahangaika na sufuria. Hakuuliza hilo. Aliuliza tu, "Mtoto anaendeleaje?" Kila asubuhi aliuliza hivyohivyo, na kila asubuhi Maige alijibu, "Bado, mama."

Ilikuwa siku ya nne au ya tano, alasiri, Limi amelala, shangazi alipotoka nje akaja kukaa karibu yangu kwenye banda. Maige alikuwa ameenda kuchota maji. Shangazi yangu hakuwa mtu wa kufoka. Akikasirika sauti yake ilishuka, na siku hiyo ilishuka kiasi kwamba ilinibidi niinamie kwake.

"Wewe ndiye uliyemwita Mama Limi?"

"Ndiyo, shangazi. Ulikuwa utani tu."

"Ninajua. Mimi pia nilicheka nilipolisikia." Akachukua kijiti akachokoa moto. "Kisha nikalifikiria. Jina lenyewe hukukosea, Gaspa. Yule mtoto anahitaji mama, na mama yake amekufa. Maige akasema sawa, nitakuwa mimi. Ni watu wangapi unaowajua wanaoweza hivyo? Umeliona jambo kubwa kuliko yote kijijini mwaka huu, umelipatia hata jina lake kabisa, halafu ukalicheka."

Sikuweza kumtazama.

"Utani tuliachiwa na wazee ili mtu aliyelemewa apumzike kidogo," akaendelea. "Msibani mtani wako anakuja anakuchekesha, unapata pumzi. Wewe ulimwona mwenzako amelemewa, ukapanda juu ya mzigo wake. Huo siuiti utani. Sijui niuite nini."

Akainuka, akakung'uta kanga, akarudi wodini. Alikuwa amemaliza, na tangu siku hiyo hadi anafariki hakulitaja tena jambo lile.

Maige aliporudi na maji nilimwambia. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yakatoka mafupi. "Nisamehe, Maige. Ni mimi."

Alimimina maji kwenye sufuria kwanza. "Nilijua ulikuwa unatania," alisema. "Hilo ndilo lililonishinda. Angekuwa adui yangu ningemkasirikia, nikapita. Wewe ningekukasirikiaje?" Kisha akanipa kisu. "Kata vitunguu."

Ndio msamaha nilioupata, na ulitosha.

Siku mbili baadaye tulifika asubuhi, na kabla hatujafika bandani tukasikia mtoto analia wodini. Analia kwa hasira, anataka kitu. Maige akasimama. Tangu tumefika Limi alikuwa hajatoa sauti. Tukaenda chini ya dirisha, shangazi akachungulia, akatuambia, "Amemaliza kikombe chake, anataka cha jirani." Nesi aliyekuwa mle akacheka akasema mtoto anayelilia chakula ni mtoto anayerudi. Maige aliegemea ukuta, akaweka viganja usoni, na mimi nikasimama mbele yake ili wapita njia wasimwone. Kisha nikakumbuka ni kitu gani hasa kilichotufikisha pale, nikasogea pembeni. Nikamwacha alie mbele ya watu, na waliopita hawakumcheka.

Baada ya siku nyingine chache tuliruhusiwa kumpikia Limi mwenyewe. Uji wa kwanza wa karanga aliupika Maige. Aliuonja mara nyingi hadi yule mama wa Katumba akamwambia, "Utaumaliza, baba, mwachie mtoto."

Tulirudi kijijini uvimbe wa miguu ya Limi umekauka na shingo yake imeanza kujaa. Jumamosi iliyofuata sikufungua kibanda. Nilifunga kuni, nikachukua sufuria ya mama, nikaenda kumchukua Maige nyumbani kwake. Nikamwambia tunapita njia panda. Akaniangalia. Nikarudia: tunapita njia panda.

Usidhani nilikuwa jasiri. Masikio yalikuwa yanawaka. Vijana walikuwa wamekaa palepale mbele ya kibanda changu nilichokifunga, na waliponiona na sufuria, mmoja akasema, "Leo Mama Limi kaja na mdogo wake." Wakacheka. Walikuwa wamejifunza kwangu. Nilitaka kujibu, na nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, makali yote. Nikayameza. Nikawaambia, "Tunakwenda kupika. Anayetaka kuja, aje." Hakuja mtu. Tukaenda wawili na mtoto.

Jumamosi ile nilitwanga dagaa hadi mikono ikatoka malengelenge. Jumamosi nyingine Maige alikuja na mkokoteni umejaa samadi kutoka zizini kwao, akaiweka yote kwenye matuta ya kina mama, maana alikuwa ameona udongo umechoka. Mchicha ulioota baada ya hapo ulikuwa na majani mapana kama kiganja changu. Akawaonyesha pia namna mama yake alivyokuwa akichemsha viazi vitamu, kuvikata na kuvianika vikawa matobolwa, chakula kinachokaa hadi mvua zirudi na mtoto anakitafuna kwa furaha. Kina mama wakawa wanamsubiri. Mwanamume aliyekuwa anazunguka mashambani kwa aibu, akawa akichelewa wanauliza yuko wapi.

Wale vijana waliendelea kucheka miezi mitatu hivi, kisha wakachoka. Mmoja wao mkewe alijifungua kwa upasuaji, akawa hajui hata chumvi inakaa wapi. Alikuja kwangu kibandani, akazunguka sana, akaulizia bei ya matairi, akaulizia mvua, mwishowe akaniuliza uji unapikwaje. Nilimweleza. Sikumtania.

Limi alikua. Ameolewa Inyonga, ana watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutoka kliniki na kadi iliyoshuka. Maige alioa tena baadaye, akapata watoto wengine, na tunatembeleana mpaka leo. Mimi nilipooa nilikuwa najua kupika, na mke wangu alipougua mwaka mzima wanangu hawakulala na njaa. Naye alikula chakula changu. Aliniambia mboga zangu zina chumvi nyingi, ila alikula.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuita ukae hapa. Jumamosi iliyopita nilikuwa bustanini, nikamwona yule kijana jirani yenu, ambaye mkewe yuko masomoni Mpanda, anakuja na mtoto wake. Alifika amechelewa, jasho linamtoka, na nikaona amekuja kwa njia ya nyuma. Nilimuuliza. Akasema pale kwenye kijiwe chenu cha bodaboda mnamwita jina la kumcheka, na kuna mmoja wenu amempiga picha na mtoto mgongoni akaisambaza kwenye simu. Sikumuuliza ni nani. Nimekuona ulivyoinamisha kichwa nilipoanza hadithi hii, nami sikuulizi.

Sikukasirikii, mwanangu. Ningekukasirikiaje, mimi niliyekuwa hodari kuliko nyie wote? Lakini mimi nilibahatika. Lile lori lingekuwa limeshaondoka, leo ningekuwa mzee mwingine kabisa, na wala nisingekuwa na nguvu ya kukusimulia. Sitaki nawe ucheze na bahati ya namna hiyo.

Kwa hiyo shika haya kutoka kwangu. Kabla hujamtania mtu, tazama amebeba nini. Kama amebeba kitu kizito, mpokee kwanza, utani utakuja mkiwa mmekaa. Na ukimwona mwanamume analisha mtoto wake, anachuma mboga, anachochea moto, ujue hapo hakuna aliyepungukiwa kitu. Njaa ya mtoto haingoji apatikane mwanamke wa kuiondoa. Jifunze kupika ukiwa bado huhitaji, kwa sababu siku ya kuhitaji itakukuta na mtoto analia na huna muda wa kuuliza maji yachemke kwanza au la. Panda mboga, hata tuta moja nyuma ya nyumba, umwagilie kwa maji uliyonawia. Unalolijua mwonyeshe mwenzako, na usilolijua uliza, hata kama anayekufundisha ni bibi asiyekufahamu. Ile picha iondoe. Kisha nenda kwa yule kijana, umwambie maneno mafupi, kama nilivyofanya mimi. Marefu hayatatoka. Jumamosi mchukueni kwa pikipiki, yeye na mtoto, mmpitishe mbele ya kijiwe mchana kweupe, mmlete bustanini. Na ukifika usirudi upesi, kaa, kuna karanga za kusaga.

Mungu akujalie mikono inayolisha, mwanangu, na mdomo unaowapumzisha watu. Akupe watoto watakaolia kwa nguvu wakiwa na njaa, na wakilia, wewe uwe na cha kuwapa. Ardhi unayoipanda isikunyime, maji yasikukaukie, na siku utakayolemewa wewe, apite njiani mtu atakayekupokea kuni zako bila kusema neno. Nenda salama.